Chuma cha Dani Bafuni

Wiki hii yote napita njia ya nyuma, na sababu ni bafu letu la mabati hapa Nyalenda. Nyanya yangu, Dani, aliteleza humo mara mbili. Akasema, “Nikianguka tena, narudi kijijini Usenge.” Mimi aliyenilea ni yeye; bila yeye nyumba ni baridi. Basi nikasugua utelezi wote sakafuni, halafu nikapigilia chuma cha kushikilia pale kwenye mabati.

“Dani, sasa oga bila wasiwasi.”

“Anza wewe, fundi.”

Nikaanza. Maji yalikuwa vuguvugu, povu likanifumba macho, na ndoto zikaja: Nyalenda nzima inaniita, kila nyanya ana chuma chake, wazee wanatembea wima mpaka ziwani. Kwa raha hiyo nikaegemea chuma kwa uzito wangu wote.

Ukuta ukaanguka nacho.

Nilipofumbua macho, akina mama waliopanga foleni ya maji walikuwa wameshika mitungi, wananitazama. Dani akaja na leso, akanifunga kiunoni kama mtoto, akawageukia.

“Sasa huyu nitamwachia nani?”