Gauni Lisilo na Zipu

Katika kikundi chetu cha maigizo pale mtaa wa Mbotela, Nairobi, cherehani ndiyo iliyonifunga. Nilijiunga ili niigize. Mwalimu aliyetuongoza alipojua tu kwamba mama ni fundi wa nguo, na kwamba amenifunza kazi, habari ikaishia hapo. Wengine wakapewa maneno ya kusema, mimi nikapewa tepu ya kuwapima viuno.

Katikati ya miaka ya tisini tulikuwa na mchezo wa enzi za wamisheni, kuhusu msichana wa kwanza kijijini kwao kufunga ndoa kanisani. Gauni lake nililitoa kwenye mapazia ya mitumba ya soko la Gikomba: kola ndefu, mikono iliyofura mabegani, kiuno cha nyigu. Mwalimu hakutaka kusikia habari ya zipu. "Wakati huo zipu ilitoka wapi?" Nacho kitambaa hakikutosha kupishana mgongoni ili niweke vifungo. Basi kila onyesho nilimshona mwigizaji ndani ya gauni kwa sindano, na mchezo ukiisha nikamfumua. Kwa kukaa mazoezini nikishona, maneno yake nilikuwa nimeyashika yote. Nilikuwa nikiyasema jikoni nikichagua mchele. Nililitamani lile jukwaa mpaka nikachukia mlio wa cherehani.

Jumamosi moja malaria ikamwangusha bibi harusi wetu. Ukumbi umejaa wanafunzi, mwalimu anazunguka nyuma ya pazia ameshika kichwa. Nikamwambia maneno yote ninayajua. Alinitazama kama mtu aliyesikia meza ikiongea, lakini angefanya nini?

Sasa nani anishone mimi? Mgongo wangu siufikii. Aliyejitolea ni yule aliyeigiza chifu, mbeba mizigo wa sokoni ambaye hakuwahi kushona ila magunia. "Tulia, siste, nitakufunga fiti," akasema. Kweli alinifunga, uzi ukapita hadi kwenye shimizi niliyovaa ndani. Na mimi nilikuwa mnene kumshinda mwenzangu, kwa hivyo nilipumua juu juu tu.

Lakini niliigiza jamani! Nilipomwambia baba wa mchezoni kwamba siolewi kwa ng'ombe, wasichana wa nyuma walipiga vigelegele. Sijawahi kuonja raha kama ile.

Mchezo ulipoisha kila mtu alikimbilia kwao, na chifu wangu akatokomea pamoja nao. Nikabaki ndani ya gauni. Mwalimu akaja akanishika mkono, uso umemng'aa.

"Umetuokoa, siste. Lakini ukiingia steji kila siku, nani atatushonea?"

Alicheka. Alidhani amenisifu.

Nikakatiza mtaa na gauni la harusi, watoto wakinifuata kwa nyimbo. Nyumbani mama alichukua wembe akaanza kukata mafundo ya chifu, moja moja. Nilimweleza alichosema mwalimu, nikalia kwa hasira, gauni likizidi kunibana kila nilipovuta pumzi.

"Usijitingishe," mama akasema. "Nitakukata."

Jumamosi iliyofuata mwenzangu alikuwa amepona. Nikasimama nyuma yake, nikamshona mishono midogo iliyonyooka, kama kawaida. Alipotoka kwenda jukwaani nilibaki nyuma ya pazia na kipande cha uzi mdomoni, nikiyasema maneno yake bila sauti.