Kasi ya Ifakara

Mimi si mtu wa kukubali kosa. Nafundisha hesabu kidato cha tatu na cha nne hapa Ifakara, na mwanafunzi akigundua nimekosea ubaoni, namwambia nilikuwa nampima. Mama yangu ananijua hivyo tangu nikiwa darasa la tatu. "Mwalimu hakosei," hunitania, "ubao ndio unateleza."

Msimu uliopita wa mavuno alianza kupata kizunguzungu. Siku moja nilimkuta nyumbani kwake, Katindiuka, amekaa katikati ya turubai la mpunga aliokuwa akiugeuza kwa miguu, viganja vyote viwili chini. "Shikamoo mama." "Marahaba. Dunia inazunguka." Nami, kwa kiherehere changu, nikacheka. Nilikuwa nimetoka kufundisha mada ya dunia kama tufe, kitabu cha majedwali kimo mkobani. "Inazunguka kweli, mama. Ngoja nikupigie hesabu yake."

Nikamwonyesha kwa chungwa. Katikati, penye Ikweta, duara ni kubwa, na mtu aliyeko pale anakwenda karibu kilomita elfu moja mia sita na sabini kwa saa. Ukipanda kuelekea kikonyoni, duara linapungua, na kasi inapungua nalo. Unazidisha kwa kosaini ya latitudo. Ifakara iko nyuzi nane na dakika nane kusini. Nikasoma kwenye jedwali, 0.9899, nikazidisha kwenye karatasi, nikapata elfu moja mia sita hamsini na tatu. Nikapigia mstari chini, nikijiona.

Mama aliitazama karatasi ile muda mrefu. Kisha akaichukua, akanyanyuka taratibu akishika bega langu. "Basi siumwi," akasema.

Nilidhani anatania. Kumbe karatasi aliibandika ukutani juu ya kitanda, na vidonge vya presha alivyokuwa akimeza kila siku akaviacha. Kila nikimwambia twende hospitali, ananyooshea kidole ukutani. Hospitali alikuwa anaiogopa tangu dada yake alazwe asirudi, na mimi nilikuwa nimempa kisingizio chenye sahihi ya mwalimu. Nilimweleza kwamba mwendo ukiwa sawasawa mwili hausikii kitu, sawa na abiria ndani ya treni ya kwenda Mlimba. "Treni hiyo mimi naisikia mpaka kwenye meno," akajibu. Nikarudi kwangu nimekasirika, na chini ya hasira ilikuwepo hofu ambayo sikutaka kuitaja.

Jumamosi moja asubuhi nilimpelekea uji. Kikombe kilimtoka mkono wa kushoto, akakitazama pale sakafuni kana kwamba si chake. Aliponiita, upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea. Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka masikio yakaziba. Nikapiga simu bajaji ije, ikaja, ikasimama mlangoni inanguruma, na mama ameng'ang'ania mguu wa kitanda kwa mkono wake mzima.

"Siendi. Ni dunia. Wewe mwenyewe umepiga hesabu."

Maneno yalikuwa mazito, yanaburuzika. Kumbeba peke yangu nisingeweza, na dereva alikataa kumvuta mtu mzima asiyetaka. Nikabandua karatasi ukutani, nikachukua kalamu nyekundu.

"Mama, nilikosea."

Akanitazama.

"Nilisoma safu isiyo yake. Tazama." Nikaikata ile kosaini, nikaandika saini ya pembe hiyohiyo, 0.1415. Ni kosa ambalo huwa nawasimamishia wanafunzi darasa zima. Nikazidisha harakaharaka, tarakimu zikapanda juu ya mstari: mia mbili thelathini na sita. "Ifakara inakwenda polepole, mama. Hakuna anayeisikia. Hicho unachosikia ni ugonjwa. Nilikosea mimi. Nisamehe."

Aliachia mguu wa kitanda.

Njia nzima nilimshika kichwa kisigonge chuma cha bajaji, nikiomba kwa sauti bila aibu. Hospitalini, muuguzi aliyempima presha hakuniambia namba. Alisoma mara moja tu, akamwita daktari, na nilipouliza akaniambia nikae. Nikakaa nje na ile karatasi mkononi, nikifikiri kwamba kama atakufa, basi aliyemuua ni mimi na chungwa langu.

Hakufa. Alirudi nyumbani na fimbo, mkono wa kushoto ukiwa mvivu na maneno yakija kwa zamu. Juzi tulikaa nje, mpunga umeanikwa, mimi ndiye ninayeugeuza kwa miguu. Nikaona niseme ukweli.

"Mama, ile hesabu ya kwanza ndiyo ilikuwa sahihi."

"Najua," akasema.

"Unajua vipi?"

Alikusanya maneno yake polepole. "Hesabu sikuitazama. Nilikutazama wewe. Nikasema, huyu akikubali kosa, basi mimi nakufa kweli. Nikapanda bajaji."