Mama Vikopo na Majina Kumi na Moja

Askari walimwita Mama Vikopo, na jina hilo lilimstahili. Kila Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya choo cha zahanati ya kambi, mkononi ana trei ya vikopo vya plastiki, akimpa kimoja kila aliyeitwa kupimwa. "Jaza mpaka kwenye mstari, na usinichanganyie maji ya bomba. Mkojo naujua kuliko unavyoujua wewe." Wanaume wenye mabega mapana kama milango walitoka humo wameinamisha vichwa kama watoto waliovunja sahani.

Cheo chake kilikuwa sajini, kazi yake uuguzi. Mbali na vikopo alikuwa na wodi: vitanda sita nyuma ya jengo la kufulia, mahali ambapo mvuke wa pasi ulipenya madirishani mchana kutwa. Mlangoni palikuwa na kibao, "Wodi ya Mapumziko", kwa sababu hakuna mkubwa aliyetaka kuona neno pombe limeandikwa kwenye ukuta wa jeshi. Waliolala humo hawakupumzika hata kidogo. Siku ya kwanza jasho liliwatoka mpaka godoro likalowa. Ya pili mikono ilitetemeka wasiweze kushika kijiko. Ya tatu ndiyo iliyomnyima raha, kwani mtu aliyenywa kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, mwili humgeuka: huona wadudu ukutani, husikia watu wasiokuwepo, na mwisho huanguka kifafa. Akiwa na dripu, dawa ya kutuliza na mtu wa kumkalia kando, huvuka. Akiwa peke yake, anaweza kufa. Wengi hudhani pombe huua kwa kunywewa tu.

Wodi hiyo aliiomba mwenyewe. Mumewe, fundi wa redio kambini hapo hapo, alikufa ini limekwisha akiwa na miaka thelathini na tisa, na katika faili lake hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema kwamba anakunywa. Alijificha, wenzake wakamfichia, na mkewe, muuguzi mzima, akamfichia kuliko wote. Baada ya mazishi mama mkwe wake, mwanamke mfupi asiyejua kuzungusha maneno, alisema atabaki kwenye kota wiki mbili tu kumliwaza. Huo sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Kanuni ya wodi ilikuwa moja, na Mama Vikopo aliishika kwa mikono miwili: askari akija mwenyewe kabla ya kukamatwa, atatibiwa, na mkuu wake hataambiwa. Jina lake litaandikwa kwenye daftari la wodi, na daftari litakaa kwenye kabati lenye kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni.

Ni kwa kanuni hiyo alimjia yule waliyemwita Fundi. Alikuwa mtegua mabomu, mtu wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye kucha safi kama za daktari wa meno. Alifika saa ya chakula cha mchana, wenzake wote wakiwa bwaloni, akakaa kwenye benchi na kuweka mikono yake mezani. Vidole vilikuwa vikicheza.

"Tangu lini?" Mama Vikopo akauliza.

"Mikono, miezi miwili. Pombe, tangu mwenzangu alipolipukiwa. Miaka minne hiyo, afande."

"Unaanza saa ngapi?"

"Kabla ya kupiga mswaki." Akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Nisipokunywa, mikono inatetemeka. Nikinywa, inatulia. Sasa niambie, nikaribie bomu nikiwa yupi?"

Kisha akauliza lile walilouliza wote: nani atajua?

"Mimi, daktari, na hilo daftari," alisema. "Umekuja kwa miguu yako. Hapa halitoki neno."

Fundi alilala wodini siku kumi na mbili. Siku ya tatu aliona waya zikimtambaa miguuni, akamsihi Mama Vikopo asisogee, asikanyage, na Mama Vikopo akasimama palepale saa nzima, ameshika ukingo wa kitanda, mpaka dawa ikafanya kazi. Aliporuhusiwa alikuwa mwembamba, lakini mikono imetulia. Kila Alhamisi alirudi kuzungumza. Miezi minne ikapita hajaonja tone. Mkewe, mshonaji mwenye cherehani yake sebuleni, alimshonea Mama Vikopo kanzu ya buluu, wala hakutaja sababu.

Halafu likatokea la uwanja wa shabaha. Askari mmoja, amelewa tangu asubuhi, alimpiga mwenzake risasi ya paja. Mkuu wa kikosi alikuwa mgeni, ana mwezi mmoja tu kambini. Hakuwa mtu mbaya. Alikwenda mwenyewe kumwona majeruhi, akatoka amekunja uso, na kesho yake akamwita Mama Vikopo ofisini.

"Sajini, nataka orodha ya wote waliopita kwenye wodi yako mwaka huu."

"Mkuu, waliokuja wenyewe kanuni inawalinda."

"Na aliyepigwa risasi analindwa na nini?"

Mama Vikopo alieleza kwamba yule mlevi wa uwanja wa shabaha hakuwahi kukanyaga wodini, na kwamba walio kwenye daftari ndio waliotibiwa, ndio angalau wanaojulikana hali zao. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Nina watu mia sita wenye silaha. Sijui nani amelewa na nani hajalewa. Wewe unajua. Hiyo ni amri, na nitaiandika ukitaka. Orodha nitaiona mimi tu."

Mama Vikopo aliomba siku moja afikirie. Akampigia simu daktari wa wodi, ambaye alikuwa safarini, na daktari akasema, "Amri ni amri, sajini, tutalalamika baadaye." Nyumbani, mama mkwe alimtazama akigeuza chakula kwenye sahani bila kula.

"Ukikataa watakufanya nini?"

"Watanitoa wodini. Labda na jeshini."

"Na ukikubali?"

Asubuhi alifungua kabati, akanakili majina kumi na moja kwa mwandiko wake mwenyewe, akapeleka.

Mkuu hakuvunja neno lake kwa kusema. Alilivunja kwa kutenda. Jumatatu, mbele ya ghala la silaha, kikosi kizima kikiwa kwenye mistari, watu kumi na mmoja waliamriwa kurudisha silaha na vifaa vyao "mpaka itakapotangazwa vinginevyo". Hakuna aliyetaja pombe. Hakukuwa na haja. Fundi aliweka sanduku lake la kazi chini na kurudi mstarini, macho mbele. Ilipofika Jumatano alikuwa akifyeka nyasi kandokando ya uzio, na vijana waliopita walimwigizia mikono inayotetemeka, wakicheka.

Alhamisi hakuja. Mama Vikopo alimfuata kwenye uzio.

"Fundi, nisikilize."

"Nakusikiliza, afande."

"Niliamriwa," Mama Vikopo alisema.

"Najua. Sote tunaamriwa." Akaendelea kufyeka.

Tangu wiki hiyo wodi ikakauka. Vitanda sita vilitandikwa asubuhi na jioni vilikuwa vilevile, shuka hazijakunjika. Mtu mmoja hakuja, wa pili hakuja. Kambini hakuna aliyeacha kunywa. Watu waliacha kusema tu. Fundi naye akarudia chupa, mara hii kwa hasira, na wiki saba akanywa kama mtu anayejaza shimo. Ndipo tangazo likatoka: wale kumi na mmoja watapimwa upya baada ya siku kumi, na atakayeonekana safi atarudishiwa kazi yake.

Siku ya tatu tangu tangazo, saa sita mchana, mke wa Fundi alibisha mlango wa Mama Vikopo. Uzi ulikuwa bado umemning'inia begani.

"Mume wangu ameacha kunywa," alisema.

"Lini?"

"Juzi asubuhi. Amemwaga kila kitu. Amejifungia chumbani, anasema anajitibu mwenyewe. Usiku kucha alikuwa anaongea na mtu, dada, na humo ndani yuko peke yake."

Mama Vikopo hakungoja kuvaa viatu vya kazi, alikwenda na kandambili. Mlango wa chumba ulikuwa wa mbao nzito, umefungwa kwa komeo ndani. Akaweka shavu lake kwenye mbao.

"Fundi. Ni mimi. Nifungulie, kaka yangu."

Sauti kavu ikatoka ndani: "Usikanyage hapo."

"Sikanyagi. Nifungulie nikupe dawa. Siwezi kukuacha hivyo, leo ni siku mbaya."

"Ukiingia utaandika."

"Sitaandika. Nakuapia."

"Uliahidi na mwanzo."

Hapo ndipo palipomkaa moyoni mpaka leo. Kituo cha askari polisi wa jeshi kilikuwa umbali wa dakika tatu. Angewaita wangevunja mlango, wangembeba mpaka hospitali mbele ya kota nzima, na Fundi angepoteza kile kidogo alichokuwa anakipigania. Gari la wagonjwa nalo halitoki bila kuandikwa jina. Alisimama akipima mambo hayo, na kila alipoyapima aliona majina kumi na moja kwa mwandiko wake. Akamwambia mke, "Kaa hapa, zungumza naye, usinyamaze. Nakwenda kuchukua dawa na dripu, nitamtibu hapa hapa, hakuna atakayejua."

Alitumia dakika ishirini na tano. Ghala la dawa lilikuwa limefungwa kwa saa ya chakula cha mchana, ikabidi amtafute mtunza ghala. Aliporudi anakimbia, mfuko kwapani, alisikia kabla ya kuona: kitu kikigonga sakafu ndani, kwa mpigo, kama mtu anayepiga hodi kwa kisigino. Jirani, dereva wa lori, alivunja mlango kwa bega. Fundi alikuwa chini kati ya kitanda na ukuta, povu mdomoni, kichwa kimepasuka kwenye pembe ya sanduku. Mama Vikopo alimgeuza ubavu, akamchoma sindano, kifafa kikakatika, kikarudi. Gari la wagonjwa likaja na kila mtu akaona. Alifia njiani, mkono wake mmoja ukiwa mkononi mwa muuguzi. Haukuwa ukitetemeka tena.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Rasimu ya ripoti ilisema "amefariki kwa maradhi". Mama Vikopo aliomba kuongeza maelezo, akaandika kurasa nne: jinsi alivyoahidi, jinsi alivyotoa orodha, silaha zilivyorudishwa hadharani, na zile dakika ishirini na tano.

Mkuu wa kikosi alizisoma mbele yake. Alionekana hajalala siku kadhaa.

"Kwa nini hukuita gari mara moja?"

"Niliogopa kumtoa hadharani mara ya pili, mkuu."

"Kwa hiyo umekosea."

"Ndiyo, mkuu. Mara mbili. Ya kwanza tulikosea pamoja."

Mkuu aliweka karatasi mezani na kuzilinganisha kingo zake. Hakuzitoa kwenye ripoti. Kwa hilo Mama Vikopo humpa haki yake. Adhabu ilikuja kama ilivyotarajiwa: barua ya onyo kwake, uhamisho kwa mkuu, na wodi ikafungwa miezi saba. Ilipofunguliwa tena, majina yaliandikwa kwa namba, na orodha ya kuonyesha namba ipi ni ya nani ilikaa hospitali kuu, nje ya kambi. Muuguzi mwingine ndiye aliyepewa wodi hiyo.

Mama mkwe hakumliwaza. Jioni ya barua ya onyo alimwekea chai na kusema, "Mwanangu ulimficha akafa. Huyu umemtoa akafa. Basi kesho utafanyaje?" Halikuwa shutuma. Alitaka kujua kweli.

Siku hizi Mama Vikopo amestaafu, yuko kwenye kliniki ya raia, chumba chenye feni mbovu, anawatibu wanywaji na wavuta unga. Kabla mgonjwa hajafungua mdomo humwambia angoje kwanza asikilize. Humweleza nani anaweza kusoma anachoandika, nani anaweza kumlazimisha, na kwamba akiona mtu anakaribia kufa atapiga kelele mtaa mzima usikie, aibu au si aibu. Wengine husimama wakaondoka. Hawaiti warudi, ingawa humuuma.

Mke wa Fundi bado anashona. Alihama kota, akapanga chumba karibu na soko. Kwa miaka miwili waliamkiana tu kama majirani wa mbali. Kisha siku moja mchana alimsimamisha Mama Vikopo mlangoni kwake, akamvutia kigoda.

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako, lakini masikio yangu yalikuwa yamezibwa na woga," alisema. "Alisema nini pale mlangoni?"

Mama Vikopo alimwambia yote, neno kwa neno, hata lile la ahadi. Mjane alisikiliza, mguu wake umetulia juu ya pedali ya cherehani. Kisha akauliza, "Alinitaja?"

"Hapana."

Mjane akashukuru kwa kuambiwa kweli, akarudi kwenye kitambaa chake.