Bakuli la Bi Mwanaidi

Leo nimerudisha bakuli kwa mtu aliyekwisha kuzikwa.

Bi Mwanaidi, jirani yangu hapa Kiembe Samaki, aliniletea futari Ramadhani. Bakuli likabaki kwangu. Bakuli la mtu halirudishwi tupu, mnajua wenyewe. Hata niliposikia anaumwa nikasema nitapika kwanza, nitakwenda kesho.

Kesho ikawa semina ya akina mama wa kanisa, Tunguu, siku tatu. Mimi ndiye niliyefundisha somo la kumpenda jirani. Watu walilia, nami nikajiona!

Leo nimerudi, nikaoka keki, nikaenda. Nakuta viatu tele mlangoni. Ndani wanamsomea Bi Mwanaidi hitma.

Binti yake akalipokea bakuli. "Mama kakuulizia sana, dada. Akisema kimya chako si bure, labda waumwa. Akataka nimshike mkono aje kukutazama."

Yeye, na maradhi yake, aje kunitazama mimi!

Binti akaingia ndani, akatoka na bakuli lile lile, limejaa pilau.

Lipo hapa mezani. Pilau sijaigusa.

Niambieni wapendwa, kati yangu na yeye, nani alikuwa jirani?