Kambale ya mama bukwe

Bandugu, nani iko na mboga ya sombe imebakia? Leo nimeshinda palabre ya kubishana, na nitalala njaa.

Mama ya bibi yangu alikuja kututembelea hapa Shituru. Minye mwalimu wa biolojia, kinywa kikaniponza.

Nikamuonyesha ku telefone picha ya fosili: samaki ya zamani sana, ndani ya mapezi yake iko mifupa kama ya mukono, mpaka kiwiko.

"Mama, samaki ya namna hii njo nkambo yetu, babu ya ba babu yetu. Alitoka ku mai, akaanza kutembea."

Akacheka. "Ba creuseurs ba Kambove banachimba kila siku. Samaki ya mikono bado hawajaiona."

Pale pale, kambale muzima mama aliyemununua ku soko akaruka toka mu beseni. Akajivuta na mapezi, pole pole, mpaka ku miguu ya mama.

Mama akapanda juu ya kiti!

"Voilà, mama!" nikapiga kelele. (Najua, bukwe hapandishii mama bukwe sauti. Lakini siansi ilikuwa inatembea!)

Magaribi, sahani zikafika. Kila muntu na kipande yake ya kambale. Minye, bukari tupu, ugali bila kipande.

Na mbele ya mama bukwe, muntu haombi chakula.

Akaniangalia na huruma.

"Weye hapana, bukwe. Muntu hawezi kula nkambo yake."