Bondia Aliyeshindwa Kutema Mate

Nakumbuka Jumamosi ile, pale Bukoba mjini, nilipoambiwa niteme mate nikashindwa. Wewe mwanangu uliyekuja jana na simu yako kunionyesha mabondia wa ng'ambo, ukaniuliza mtu afanye nini ili awe bondia mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea, kaa hapa kwenye benchi unisikilize. Jibu lenyewe ni fupi, ila mimi ni mrefu wa maneno. Utanivumilia.

Nilikuwa kijana wa Kagoma, huku kwetu Muleba, lakini nilikaa kwa baba mdogo Kitendaguro ili niwe karibu na mazoezi. Aliyenifundisha ngumi alikuwa Mwalimu Sudi, fundi cherehani wa mjini, Mwislamu mpole ambaye babu zake walitoka pwani. Mchana alishona suruali, jioni alitufundisha kukwepa. Mimi nilitangaza kila mahali, hata nje ya kanisa baada ya misa, kwamba dunia haijaona bondia kama mimi na haitamwona. Mwalimu akinisikia alicheka tu, akanirudisha kwenye kuruka kamba. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma kweli.

Basi likaja pambano la kumchagua bondia wa kwenda Mwanza kutuwakilisha. Siku chache kabla yake nikaenda Kagoma kuaga nyumbani. Sasa, mwanangu, wewe ni Mhaya, utaijua shida yangu nikikwambia kwamba senene walikuwa wameshuka. Bibi yangu mzaa baba aliamka na umande akawaokota panzi wale kwenye majani, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Kwa desturi yetu ya zamani senene ni zawadi ya mke kwa mumewe, na bibi alikuwa akiniita mume wake tangu ninanyonya. Aliweka kikapu mbele yangu akasema, "Waitu, mume wangu, hawa ni wako peke yako." Mwanamume gani wa Kihaya anakisukuma kikapu hicho? Nikala. Nikala na ndizi, nikashushia pombe yetu ya rubisi, na kesho yake nikamalizia waliobaki.

Siku ya kuondoka nikapita kwenye ghala la kahawa la kijiji, nikajining'iniza kwenye mzani wa magunia kama tulivyozoea utotoni. Mshale ukapita pale ulipotakiwa kuishia kwa uzito niliopangiwa kupigana. Nikaona aibu. Ningemwambiaje Mwalimu kwamba bingwa wa dunia ameangushwa na senene? Nikanyamaza. Niliporudi Kitendaguro nikavaa koti juu ya sweta, nikajifunga nailoni kifuani, nikakimbia kupanda na kushuka vilima vile juani, na maji sikuyagusa. Baba mdogo aliniuliza kama naumwa, nikasema ni mazoezi tu. Wanasema mficha uchi hazai; mimi nilificha hata kiu.

Asubuhi ya pambano nilipopimwa, uzito ulikubali. Nikatabasamu, ingawa watu ukumbini walionekana kama wako mbali na sauti zao zinatoka kisimani. Mwalimu Sudi akaja kunifunga bendeji mikononi, akasita. Akaibana ngozi ya mkono wangu kwa vidole vyake vya ushonaji, na alipoiachia ikabaki imesimama. Akaniuliza mara ya mwisho nimekojoa lini. Nikamwambia asubuhi hiyo hiyo, na nilikuwa nadanganya.

"Tema mate," akasema.

Nilikusanya, nikakusanya tena. Hayakutoka.

Hakunigombeza. Aliifungua ile bendeji taratibu, akaikunja, akaenda kwa waamuzi akanitoa kwenye pambano. Mwanangu, nililia mbele za watu. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba ananionea wivu, kwamba ameniharibia maisha. Naye alinisubiri nimalize.

"Ubingwa nitakutafutia mwingine," akasema. "Kichwa kingine sina pa kukitoa."

Niliinuka kwa hasira niondoke, ukumbi ukazunguka, nikaangukia mikononi mwake. Nilizinduka hospitali, nimewekewa dripu. Daktari alisema nilikuwa nimekauka vibaya, na kwamba ngumi moja ya kichwa ingeweza kunimaliza. Hapo nikakiri yote, kuanzia kikapu cha senene hadi koti. Bibi alikuwa ameshafika kutoka Kagoma, rozari mkononi, akilalamika kwa Kihaya kwamba amemuua mume wake kwa senene. Nikamwambia bibi, mimi mzima. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, nami nikacheka. Sijawahi kusikia nafuu kama ile, wala sidhani kama nitaisikia tena.

Ndipo Mwalimu, aliyekuwa amekaa miguuni pangu, akasema neno lililonikaa mpaka leo. "Bibi, senene hawana kosa. Angeniambia tu. Uzito wa juu yake ulikuwa na nafasi. Ningempandisha huko, akapigana ameshiba."

Nikajifunika shuka usoni. Njia ilikuwa wazi siku zote zile, na ufunguo wake ulikuwa sentensi moja. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio changu kilikuwa kimeshafika mlangoni.

Mwaka uliofuata nilikwenda Mwanza, katika uzito huo wa juu. Nikashinda mapambano kadhaa, nikapigwa mengine, na Mwalimu hakuacha kuniuliza kila asubuhi nimelalaje na wapi panauma. Nilimjibu kweli. Siku aliyoniambia glovu sasa basi, nilizivua, nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Kwa hiyo, mwanangu, nguvu za mkono utazipata, na pumzi utazipata kwenye vilima hivi hivi. Lakini kama unautaka ukubwa, tafuta mtu mmoja utakayemwambia ukweli wa mwili wako hata ukikuaibisha. Mweleze umekula nini, na kichwa kikiuma usingoje akuulize. Akikwambia leo hapana, teremka utoke ulingoni, hata kama ukumbi mzima unaita jina lako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa bondia hakivunjiki kitu chepesi kama guu. Wapo wenzangu wa ukumbi ule waliokuwa hodari kuliko mimi, wakawa wanapigwa na kunyamaza. Leo ukiwasalimia wanakuuliza wewe ni nani. Hata watoto wao wanaulizwa hivyo.

Mimi sikuwa mkubwa kuliko wote. Lakini ulipoingia uani jana, kabla hujafungua mdomo, nilikuita kwa jina lako na la mama yako.

Mungu akupe mikono mizito na masikio mepesi. Akupe mwalimu asiyekuogopa. Na uzeeke, mwanangu, watoto wako wakikuita baba, umjue kila anayekuita.