Punje Mia za Mke Mwenzangu

Nilipoolewa kijiji kimoja jirani na Minjila, nilimkuta mke mkubwa ameshakaa kwenye nyumba ile miaka mingi. Enzi hizo Wazungu walikuwa hawajaleta kodi ya nyumba huku mto Tana, na msichana aliyekwenda kuwa mke wa pili alipewa mawaidha mengi na shangazi zake, mengi ya hayo yakimfundisha kumchukia mwenzake. Mimi sikuweza kumchukia, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka wangu wa pili pale, mto Tana ulifurika kupita kiasi. Maji yaliingia kwenye uchaga, mahali tulipoweka mbegu za mahindi katika makanda sita, mifuko ya ukili. Tulizitoa zote, tukazianika juani kwenye mikeka siku tatu, kisha tukazirudisha makandani. Shida ni kwamba zilipokauka zilifanana. Punje iliyokufa kwa maji na punje nzima, jicho halikuweza kuzitenga.

Mto uliporudi kwenye kingo zake uliacha tope jeusi shambani. Tope lile lina siku zake, likianza kupasuka umechelewa. Mume wetu akafungua kanda lililokuwa karibu na mlango, akachagua punje kumi, akazifunga kwenye kitambaa kibichi. Siku ya tano akatuita. Tisa zilikuwa zimeota.

"Mbegu nzima hizi," alisema. "Kesho tunapanda. Mbili kila shimo, kama siku zote."

Mimi nilifurahi. Mke mkubwa alikitazama kile kitambaa, akauliza taratibu, "Bwana, hizi kumi ulizitoa wapi?"

"Si kandani?"

"Kanda gani? Na ulizichukua vipi?"

Mume wetu akajibu kwamba alichukua zilizonona, kwani nani achukue mbovu.

"Basi zimekuambia habari za mbegu nzuri za kanda moja, juu juu," alisema mke mkubwa. "Za makanda sita bado hatujui. Nipe siku tano."

Mume wetu alikasirika, akasema tope halingoji mtu. Lakini alizitoa zile siku tano, na mimi wakati ule sikuelewa alimkubalia kwa lipi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mwanamke yule hakuwa akiomba kitu bila sababu.

Akaniita uchagani. "Mdogo wangu, fumba macho."

Nilifumba. Alinishika mkono akauzamisha ndani ya kanda la kwanza, juu, kisha katikati, kisha mpaka chini kabisa, kila mara nichukue kidogo bila kupapasa. Tukafanya hivyo makanda yote sita. Tulichopata tulikimwaga kwenye ungo, akakivuruga kwa muda mrefu, mpaka nikaona anacheza.

"Kwa nini nisiangalie?" nilimuuliza.

"Ukiangalia, mkono utapenda. Hata mimi wangu unapenda. Tunataka punje yoyote iwe na nafasi sawa na mwenzake, nzuri na mbaya."

Kisha tukahesabu mia, tukazifunga kumi kumi kwenye majani ya mgomba yaliyoloweshwa, vifurushi kumi, tukaviweka karibu na jiko.

Siku ya tano nilifungua mimi. Kifurushi cha kwanza zimeota nne, nikavunjika moyo. Cha pili saba, moyo ukarudi. Kimoja kilikuwa na tatu tu, kingine nane. Nikamwambia, "Dada, hivi vifurushi havikubaliani. Tuamini kipi?"

"Hakuna cha kuamini peke yake. Kumi ni chache, zinayumba. Vijumlishe vyote."

Zilikuwa hamsini na nne. Mume wetu alipokuja, mke mkubwa alimwambia hivi, na maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu hakujitia kujua kuliko alivyojua: "Nusu, au zaidi kidogo. Huenda ikawa chini ya hapo kidogo pia. Kila punje siijui. Lakini tisa katika kumi, hiyo haipo."

"Kwa hiyo?"

"Tutie nne kila shimo, tutegemee mbili. Mbegu zitatosha nusu ya shamba. Nusu nyingine tupande kunde, au wewe uende Chewele kwa ndugu zako ukaombe mbegu."

Kwenda Chewele ni kupanda mto kwa mtumbwi siku nyingi, na tope lingekuwa limekauka kabla hajarudi. Mume wetu akachukua muo wake, ule mti wa kuchimbia, akaenda kutoboa mashimo. Tulimfuata na mbegu, nne nne, na nusu nyingine tukapanda kunde.

Mahindi yalipofika magotini nilikwenda kutazama. Mashimo mengi yalikuwa na miche miwili. Mengine mmoja, mengine mitatu, na machache yalikuwa matupu. Mwanamke huyu alikuwa ameliona shamba hili kwenye majani ya mgomba kabla halijapandwa. Viboko walikula pembe moja ya shamba, hilo hakuna aliyelikadiria. Hata hivyo tulikula mpaka mafuriko mengine, na kunde tuligawa.

Mwaka uliofuata mume wetu alileta makanda yote uani mwenyewe, akakaa pembeni akingoja mke mkubwa aanze kuchota.

Habari zikatembea. Wanawake wakawa wanakuja kutoka upande wa Garsen, kila mmoja na mbegu kiganjani, wakimwomba awaambie kama zitaota. Aliwakaribisha, akawapa uji, akakataa kuzipokea.

"Hizi umezichagua njiani," alimwambia mmoja. "Nitakuja kwako kesho, nichote mwenyewe."

Na alikwenda, kwa miguu, na ungo wake kichwani.